Nyinyi mnaojenga vyombo kwa mapenzi, riziki yenu inatoka wapi?

Karani wa Mkomani aliandika:

Assalaam alaikum, na kwa wale ambao hiyo si salamu yao, hamjambo nyote.

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Lamu mjini. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kazi yangu ni kuandika mifuko ya saruji, mabati na misumari inayoshushwa gatini na inayotoka dukani kwa punda na mikokoteni, na ifikapo mwisho wa mwezi ni lazima kilichomo daftarini kilingane na kilichomo ghalani. Nikirudi nyumbani, nikishaswali Magharibi na kula, huvaa shati kuukuu nikashika tezo ya kuchongea mbao. Huu ni mwaka wa tatu ninajenga dau la futi 13 katika kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba aliyotuachia babu. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kwenda kijiji cha Matondoni siku za Jumapili nikiwatazama mafundi wa vyombo, kisha nikanunua tezo moja na keekee moja ya kutobolea, nikaharibu mbao nyingi.

Tumo wengi tunaojenga kwa mapenzi tu, baadhi yetu vyombo vya kweli na wengine vya mfano vya kuweka juu ya meza, na siku zote tumekuwa tukizungumza habari za mbao, rangi na kalafati, pamba ya kuzibia nafasi za mbao, bila ya kuulizana kila mmoja anakula kwa kazi gani. Basi leo ninauliza: riziki yenu inatoka wapi, na je, kazi hiyo huwasaidia mnapojenga au ndiyo inayowazuia?

Kwa upande wangu, kazi imenipa tabia ya kuandika kila kitu. Nina daftari lenye gharama za dau hili tangu ubao wa kwanza, na mpaka jana jumla ni shilingi 86,400, bila ya kuhesabu saa 640 nilizokaa nimeinama. Kazi hiyo hiyo imeninyima jicho. Fundi wa kweli hutazama ubao akajua utakubali kupinda wapi; mimi hujua bei yake.

Ushahidi wa hayo ni jambo lililonipata wiki iliyopita, nami nalitaja kwa aibu. Mama alisimama kwenye kiingilio cha kiwanda, akalitazama dau, akageuka akautazama ujia, akaniuliza kwa upole, "Na hili litatokea wapi?" Katika miaka mitatu sikuwa nimelifikiria swali hilo hata mara moja. Dau lina upana wa futi 4 na inchi 3 tumboni. Mlango wa nje, mbao zake zote mbili zikifunguliwa, una futi 3 na inchi 10. Tena nyumba zetu mnazijua: kutoka kiwandani unapita ujia wa futi 4, unapinda kulia, unaingia tekani (ukumbi wa kuingilia) yenye upana wa futi 5, ndipo unaufikia mlango na daka, baraza ya nje, kwa sababu wazee hawakutaka mpita njia awaone walio ndani. Mtu anayepima mizigo ya watu kila siku hakupima mlango wa kwao. Chekeni, kisha mnijibu.

---

Muuguzi wa Zamu, Malindi aliandika:

Kaka karani, nimecheka, nami naomba radhi kwa hilo.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na nne sasa, na miaka tisa kati ya hiyo nimekuwa katika wodi ya waliofanyiwa upasuaji. Ninajenga mifano ya mitepe, na sijengi kitu kingine. Mapenzi haya yalinianza nilipokwenda Lamu kwa Maulidi, nikaingia katika makumbusho, nikauona mfano wa mtepe, chombo kisichokuwa na msumari hata mmoja, ambacho mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi. Nilisimama pale hadi wenzangu wakaniacha. Baadaye nikajifunza kwamba mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza walikwisha kuviona vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na mji waliouita Rhapta ulipata jina lake kutokana na neno lao la kushona. Mtu anayefunga vidonda vya watu hawezi kupita jambo kama hilo bila kusimama.

Umeuliza kama kazi inasaidia. Inasaidia kuliko nilivyotazamia, lakini niliichelewesha mwenyewe. Mtepe wangu wa kwanza, wenye urefu wa sentimita 80, niliushona kwa uzi mmoja mrefu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kama mtu anayepiga pindo la kanzu. Ulipendeza mno. Nilipouweka katika karai la maji na kuukandamiza kidogo ili kuujaribu, uzi ulikuwa umechubuka penye tundu moja, ukakatika, na mshono wote wa ubao ule ukafunguka mbele ya macho yangu, tundu kwa tundu, mpaka maji yakajaa ndani. Nilikaa chini nikajiuliza: kidonda kinachovutwa sana ungekishona hivi? Hapana. Ungefunga kila mshono peke yake na kuukata, ili mmoja ukikatika jirani zake washike. Tangu siku hiyo natoboa tundu kila baada ya milimita 8, napitisha uzi mara mbili, nafunga fundo kwa ndani, nakata, naanza upya. Kazi inakuwa ndefu mara tatu, lakini mtepe wa pili umekaa majini saa sita bila kudai kitu.

Kwa kuwa nawajua watu, niseme mapema kwamba sindano ni yangu. Ni ile iliyopinda ya fundi viatu, niliyoinunua sokoni, na sijawahi kutoa kazini hata kipande cha pamba.

Kinachonizuia ni vidole. Muuguzi mwenye mkato mkononi ni hatari kwake na kwa mgonjwa, kwa hiyo patasi naitumia siku ninazoanza mapumziko tu, na nikishona huvaa kastabini mbili, moja ya chuma na nyingine ya ngozi. Baada ya zamu ya usiku siligusi jambo lolote lenye makali.

Kuhusu mlango wako sina la kusema, ila mpe mama salamu zangu.

---

Mchongaji wa Malindi aliandika:

Mimi nitalijibu swali hili kutoka upande wa pili, na msinichukulie vibaya. Hayo mnayoyaita mapenzi ndiyo riziki yangu.

Ninachonga vinyago na mifano ya majahazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilianza na mpingo na muhugu, na miti hiyo ilipoadimika nikahamia mwarobaini, kama walivyofanya wenzangu wengi hapa Malindi. Ni mti mzuri ukiuvumilia. Ukiupeleka juani ungali mbichi utapasuka kama chungu, lakini ukiuacha kivulini, umepakwa nta kwenye ncha zake mbili ili unyevu usitokee huko peke yake, utakaa. Wageni wakiwapo, kuanzia Desemba hadi Machi, naweza kuuza. Mei na Juni hoteli nyingi hufunga, na miezi hiyo naishi kwa nilichokiweka na kwa kutengeneza viti vya watu.

Malalamiko yangu ni haya. Jahazi la mfano lenye urefu wa futi moja na nusu, lenye mlingoti, foromali ya kufungia tanga, tanga la kitambaa na kamba zake zote, hunichukua siku tisa. Kuna mtu mwenye mshahara wake, ambaye nimemwona kwa macho yangu, anayejenga jahazi kama hilo jioni baada ya kazi, kisha analiuza kwa shilingi 3,000 kwenye lango la hoteli kwa sababu anataka tu fedha ya rangi na gundi ya lile litakalofuata. Yeye amefurahi, na mnunuzi naye amefurahi. Kesho yake mnunuzi mwenzake anakuja kwangu, namtajia 9,000, ananiambia kwamba mimi ni mwizi.

Sisemi msijenge. Nawauliza nyinyi wenye mishahara, je, mnapotaja bei huwa mnamfikiria nani?

---

Cherehani aliandika:

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na mwezi wa Januari silali. Nashona pia matanga ya ngalawa kwa marafiki, bila malipo, wao huniletea samaki. Hiyo ndiyo habari yangu yote.

Karani, lilaze dau ubavu. Kina chake hakizidi futi mbili, kwa hiyo mlangoni litapita.

---

Mwalimu wa Hisabati, Faza aliandika:

Ndugu zangu, nina mambo matatu, na la kwanza ni la kukiri.

Mchongaji, mtu uliyemwona huenda si mimi, lakini anaweza akawa mimi. Nilipokuwa nikifundisha Malindi niliuza majahazi mawili kwa bei kama hiyo, moja kwa 2,500 na jingine kwa 3,000, na nilijiona mtu mwema kwa kutomlalia mnunuzi. Haikunipitikia kwamba bei yangu rahisi ilikuwa ikilipwa na mtu mwingine aliyekaa mita mia mbili kutoka pale. Siuzi tena. Ninayoyajenga sasa hukaa darasani.

Na hapo ndipo kwenye jibu la swali. Nafundisha hisabati katika shule ya upili, na majahazi yangu ni vifaa vya kufundishia, ingawa mkuu wa shule alichukua muda kulikubali hilo. Kidato cha pili wakifika kwenye vipimo vya maumbo yanayofanana, nawapeleka ufukweni na jahazi lililopunguzwa mara 20 kutoka lile la kweli, kila kitu kwa kipimo: mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo), mlingoti, foromali, tanga. Nawauliza kama litaenda. Wote hujibu kwamba litaenda, maana kubwa linaenda. Tunaliweka majini, upepo wa kusi unalipiga, na linalala pale pale. Baada ya hapo tunakaa mchangani kutafuta sababu. Urefu umepungua mara 20, eneo la tanga limepungua mara 400, na uzito umepungua mara 8,000, ilhali upepo wenyewe haukupungua hata kidogo. Tanga limebaki kubwa mno kwa kilichobaki chini yake. Dawa ni mbili, nazo ni kulikata tanga au kuongeza farumi, uzito wa kukituliza chombo, na kuitundika chini zaidi ya mkuku, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi, kwa hiyo neno farumi huwa wamelijua kabla yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiandika 400 na 8,000 ubaoni nao wakinakili bila kuuliza. Tangu jahazi lilipolala mbele yao, huuliza.

La tatu ni la karani. Ndugu yangu Cherehani amesema kweli kuhusu mlango: dau likilala ubavu, futi 3 na inchi 10 zinatosha. Tatizo lako ni ile pinda. Penye kona ya mraba inayounganisha ujia wa futi 4 na ujia wa futi 5, kuna urefu ambao ukiupita hakuna namna ya kugeuka. Ukitaka kuujua, tafuta kipeuo cha tatu cha mraba wa kila upana, ujumlishe majibu mawili, kisha utafute kipeuo cha pili cha mchemraba wa jumla hiyo. Nimeupiga mara mbili kwa hofu ya kukukatisha tamaa bure. Jibu ni futi 12 na inchi 8.

Maana yake, hata kama dau lako lingekuwa jembamba kama fimbo, la futi 13 lisingepinda pale likiwa limelala. Nalo si fimbo. Ungeweza kuliinua ncha moja juu ili lifupike, lakini kwa hilo ningehitaji kujua dari ya tekani, na kwa nyumba za kale za mtaa wa Mkomani nakisia boriti zitakugonga kabla hujafika mbali.

Samahani. Mwalimu ana kawaida ya kutoa jibu lisilopendwa kisha akaondoka.

---

Karani wa Mkomani aliandika:

Mwalimu, nimechukua fimbo ya mianzi ya futi 13 nikajaribu. Imekwama pale pale ulipoeleza, na nimekwangua chokaa ya ukutani. Dari ni futi 9. Usiku ule sikulishika dau.

---

Fundi wa Matondoni aliandika:

Namwandikisha mjukuu wangu, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake na ya maneno ni yangu.

Mwanangu karani, nadhani nakukumbuka. Ni wewe uliyekuwa ukija Jumapili ukakaa chini ya kibanda na kalamu sikioni. Tulikuita mkaguzi.

Umeuliza riziki inatoka wapi. Mimi nimejenga vyombo tangu nina miaka kumi na miwili, na sikupata kusikia mtu akisema hii ni kazi na haya ni mapenzi. Ukipata mteja unajenga, na usipopata unavua, unalima mahindi, unapaka chokaa nyumba ya mtu. Mteja mwenyewe haleti fedha zote. Huleta za mkuku, ukaulaza, akapotea. Akirudi na za mbao unaendelea. Nimepata kukaa na chombo kimoja mabega wazi muda wa misimu miwili ya kusi, na watoto wakadhani ni nyumba ya mbuzi. Mwaka 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, wakataji wa mikoko hapa Lamu walikaa mikono mitupu, nasi tulikaa pamoja nao, kwani taruma, yaani ubavu wa chombo, linatoka kwenye mkoko aina ya mlilana uliopinda wenyewe tangu kuota, na taruma la kupindisha kwa msumeno halina nguvu, limekata nyuzi za mti. Mwaka huo nilivua kuliko nilivyochonga. Siku hizi wanangu wawili wanatengeneza boti za faiba za mahoteli. Wanalipwa vizuri, lakini wanarudi nyumbani wakijikuna.

Haya madogo ya kuweka mezani nayafanya kwa vipande vilivyoanguka, usiku, nikisikiliza redio. Sikuyauza hata moja. Mchongaji anisamehe, nimeyagawa, na pengine hilo nalo linamharibia.

Muuguzi amenifurahisha. Marehemu babu yangu aliyaona mabaki ya mitepe, na alikuwa akisema chombo cha kushonwa kikipanda mwamba hulalamika lakini hakivunjiki. Cha misumari hakilalamiki.

Sasa dau. Mnapoteza wakati na tekani. Kiwanda hakina paa. Litoe juu.

Ukuta wa kiwanda chako ukiwa futi 9 au 10, na upande mmoja ukiwa haupakani na nyumba ya watu, huna shida. Tafuta boriti tatu nene za zamani, ndefu kuupita ukuta, si mpya, za gofu (nyumba iliyoporomoka) zinafaa, uzifunge vichwa kwa kamba na kuzipanua miguu, juu ya dau. Tundika gofia yenye magurudumu mawili juu na nyingine kama hiyo chini, pitisha jarari, kamba ya kuvutia, na watu wanne watavuta kama wako kumi na zaidi. Dau lifungwe mikanda miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya shetri huko nyuma, na mikanda iwe ya gunia, isiwe kamba tupu, isije ikala mbao. Lisitiwe kalafati kabla. Chombo kilichotiwa kalafati kikining'inia hupindika, pamba hutoka, ukaanza upya. Litoe kavu, likifika chini ulipige kalafati, ulipake sifa (mafuta ya papa) kwa ndani, na deheni (mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa) kwa nje chini ya mstari wa maji, lipumzike siku saba, ndipo ulishue majini.

Na kabla ya yote mtu mmoja awe juu ya ukuta. Ukuta wa matumbawe ukigongwa hukatika kwa upande usioutazamia.

---

Mchongaji wa Malindi aliandika:

Mzee wangu, shikamoo. Wewe gawa tu, wala huniharibii chochote. Anayepewa zawadi haji kwangu kunitajia bei yake.

Mwalimu, nimekusikia. Nilikuja hapa na hasira na sasa sijui niiweke wapi. Nina ombi badala yake. Hao wanafunzi wako wakitaka jahazi ambalo halitalala, niandikie vipimo vya tanga na farumi. Miaka yote hii nimekuwa nikiyachonga ya kutazamwa tu, na mara mbili wageni wamenirudishia wakisema watoto wao waliyatia katika bwawa la hoteli yakapinduka.

---

Mwalimu wa Hisabati, Faza aliandika:

Nitakuandikia leo usiku. Kwa ufupi, anza na theluthi mbili za tanga ulilozoea, na risasi za wavu chini ya mkuku mpaka chombo kizame kidogo kuliko unavyopenda. Mlingoti ufupishe pia, maana tanga likishuka na nguvu ya upepo nayo inashuka.

---

Muuguzi wa Zamu, Malindi aliandika:

Mchongaji, mimi pia siuzi, lakini watu kazini huniuliza kila mara, na nimekuwa nikiwajibu kwamba siuzi, mazungumzo yakaishia hapo. Kuanzia sasa nitawaelekeza kwako. Ukitaka kujaribu wa kushona, njoo na ubao mwembamba siku ya mapumziko yangu nikuonyeshe fundo. Utahitaji kastabini.

---

Karani wa Mkomani aliandika:

Nimechelewa kurudi kwa sababu ulikuwa mwisho wa mwezi, na ghala lilikataa kulingana na daftari kwa mifuko miwili ya saruji, ambayo mwishowe ilionekana imekaliwa na mlinzi.

Kwanza nimefanya alichonifundisha mchongaji bila kukusudia, yaani nimeweka hesabu. Tuseme jahazi la futi moja na nusu linachukua saa 70. Likiuzwa kwa 3,000, hata kabla ya kutoa mbao na rangi, kila saa imelipwa chini ya shilingi 43. Mimi kama karani nisingekubali kumwandikia hamali yeyote kiasi hicho. Mwenye mshahara haioni hasara hiyo kwa sababu mwajiri wake amekwisha kuilipa. Katika daftari la dau nimeongeza safu ya saa, ambayo zamani niliiandika pembeni kwa penseli kana kwamba si mali.

Pili, dau. Nyuma ya ukuta wa kiwanda upande wa kaskazini pana gofu la nyumba ambayo paa lake liliporomoka kabla sijazaliwa. Mwenye gofu ni mzee anayekaa mtaa wa Langoni. Nilikwenda kwake na mama, kwa sababu ombi kama hilo halipelekwi na kijana peke yake, tukanywa kahawa, na mama ndiye aliyesema. Mzee alikubali na akatupa ruhusa ya kutumia boriti zake tatu zilizolala kifusini. Ametoa sharti moja: dau likishashuliwa, yeye awe wa kwanza kuvushwa kisiwani Manda akalitazame shamba lake, maana amechoka kuwangoja wenye boti.

Ukuta ni futi 9 na inchi 7. Safari hii nimeupima mara tatu, na mara ya tatu mama ndiye aliyeshika upande wa pili wa utepe. Gofia nimeazima mbili. Hamali ni wanne, wale wale wanaoshusha saruji yetu gatini, ambao siku zote nimekuwa nikiwaandika kwa idadi ya mifuko tu. Mmoja wao, nilipomweleza habari ya boriti na mikanda, alinisahihisha namna ya kuifunga, kwani kumbe jioni hutengeneza mitego ya samaki na hori (mitumbwi midogo) za watoto huko Wiyoni, na hakuwahi kuniambia kwa kuwa sikuwahi kumuuliza. Nimempa anwani ya ukurasa huu.

Tumepanga kulitoa Ijumaa baada ya swala, likae gofuni siku saba kwa kalafati na deheni kama mzee wetu wa Matondoni alivyoagiza, kisha tungoje bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi utakapojaa, ili maji yatufikie badala ya sisi kuyafuata. Mzee, ukiweza kuja siku ya kulitoa, nauli ya boti kutoka Matondoni ni juu yangu, na nimekwisha kuiandika.